"Mtakavyopanga ni Sawa": Uchambuzi wa Kisa cha Mkutano wa Ukoo Mjini St. Louis

Mwishoni mwa Agosti 2025 ukoo wa mke wangu, watu 61 kutoka kaya tisa, ulikutana kwa siku tatu mjini St. Louis, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi, na ratiba ya kwanza niliiandika kwa mkono wangu. Ratiba hiyo haikutekelezwa. Iliyotekelezwa ni ya pili, iliyoandikwa wiki tano kabla ya siku yenyewe, baada ya binti wa miaka kumi na saba kumweleza shangazi yake jambo ambalo sisi watu wazima saba wa kamati hatukuwa tumeliona. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa yetu hayakutokana na uzembe: kamati ilikuwa na bidii, ilikuwa na daftari la mahesabu, ilikutana kwa simu kila Jumapili jioni, na pamoja na hayo yote ilikuwa imeandaa kwa ustadi mkubwa shughuli ambayo mwenyewe hakuihitaji.

Mwenye shughuli ni mama mkwe wangu. Amevuka miaka themanini, ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini, na mwaka 1996, vita vilipofika kwao, yeye na mumewe waliwavusha watoto saba Ziwa Tanganyika usiku, kwa mtumbwi, hadi upande wa Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Mumewe alifariki kambini mwaka 2009 na kuzikwa hukohuko. Katika miaka ya 2010 Marekani ilianza kuwachukua Wakongo wa Nyarugusu kwa wingi, na hapo ndipo ukoo ulipotawanyika, maana kila mtoto aliyekwisha kuoa au kuolewa alikuwa na faili lake, na mafaili ya ndugu wa tumbo moja hayakusafiri pamoja wala hayakupelekwa mahali pamoja. Kaka mkubwa alitua St. Louis. Wengine walipelekwa Moline, Louisville, Des Moines na Dallas. Binti mmoja, wa sita kuzaliwa, bado yuko Nyarugusu. Faili lake lilikuwa limefika mbali, kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha upokeaji wa wakimbizi, na mpaka tunakutana lilikuwa limelala palepale.

Mimi mwenyewe ni Mha wa Kasulu. Nilimfahamu mke wangu, binti wa tano, kabla hajaondoka kambini, nikamfuata baadaye Louisville. Nautaja ukwe wangu mapema kwa sababu una sehemu yake katika kosa lililotokea.

Swali la kwanza lilikuwa mji, na nakiri kwamba ndilo lililojadiliwa kidogo kuliko yote. St. Louis ilichaguliwa kwa sababu kaka mkubwa anakaa huko, na mtoto wa kwanza ndiye mwenye mlango wa ukoo baba akishaondoka. Ramani nayo ilionekana kutuunga mkono: kutoka Louisville ni kama kilomita 420, mwendo wa saa nne, kutoka Moline ni karibu vivyo hivyo, kutoka Dallas ni takriban kilomita 1,000. Lakini kutoka Des Moines, anakokaa mama mkwe na mwanawe wa pili, ni kama kilomita 560, zaidi ya saa tano kwenye kiti cha gari kwa mtu ambaye magoti yake yana ugonjwa wa miaka. Moline, ambayo nayo iko juu ya Mississippi, ingempunguzia nusu ya safari hiyo. Hakuna aliyelisema hilo kikaoni. Tulitazama katikati ya ramani kana kwamba kila msafiri ana uzito mmoja, ilhali katikati ya kweli ya ukoo ilikuwa nyumba moja huko Des Moines, na kila kilomita iliyoongezwa upande huo ilikuwa ghali mara tatu kuliko iliyoongezwa upande wa vijana wa Dallas, ambao wangeendesha usiku kucha wakiimba. Siku hizi nikitazama nyuma naona tungekwenda Moline.

Tarehe ilitutoa jasho zaidi, na hapa kamati ilifanya kazi nzuri. Watu wazima wengi wa ukoo huu wanafanya kazi kwa zamu, wengi wao katika viwanda vya nyama na maghala, ambako ruhusa ni ngumu kupatikana na anayekosa siku huandikiwa pointi za utoro, na pointi zikijaa kazi hakuna. Kwa hiyo tulikuwa na milango mitatu tu, yaani sikukuu tatu za kitaifa zinazoangukia majira ya joto au kwenye kingo zake, wakati viwanda vingi hufungwa: Jumatatu ya mwisho ya Mei, Julai 4 (siku yao ya uhuru, yenye fataki), na Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo kwa Wamarekani ni sikukuu ya wafanyakazi.

Mei tuliiacha kwa sababu ya mto. Mississippi hapo St. Louis hupanda zaidi katika majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, theluji ya kaskazini inapokuwa imeyeyuka na mvua zinanyesha. Kipimo cha mto hapo huhesabiwa kuwa mafuriko kikifika futi 30, yaani kama mita 9.1, tarehe 1 Agosti 1993 kilifika futi 49.58, zaidi ya mita 15, ambayo ndiyo rekodi, na Juni 2019 kilifika futi 46. Si lazima mto ufike huko ndipo ukuharibie mipango. Barabara inayopita ukingoni, chini ya ngazi za bustani ya tao la Gateway Arch, huingia maji kabla ya hapo, na ikiingia maji safari za boti husimama. Wakati huo boti bado ilikuwa kwenye ratiba yetu, kwa hiyo tulizitazama takwimu za mafuriko kwa makini mno. Kichekesho chake kitaonekana baadaye.

Julai 4 ilikataliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei, kwa kuwa siku hiyo katikati ya jiji hufurika watu na hoteli hupandisha. Ya pili ilitolewa na shemeji wa Moline, ambaye ni mtu wa maneno machache: alisema kwamba usiku wa fataki hulala amevaa viatu, na hakutaka kuulala usiku huo hotelini mbele ya watoto wa ndugu zake. Hakuna aliyeuliza kitu. Tarehe ikafutwa papo hapo, na tukabaki na Jumamosi Agosti 30 hadi Jumatatu Septemba 1.

Nakaa kidogo kwenye jambo hili la fataki kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi katika kisa chote. Kamati ile ile, katika kikao kile kile, ilikumbuka milio ya bunduki na ikapanga kuiepuka. Kisha ikageuka kwenye ajenda iliyofuata na kupitisha, bila mjadala, safari ya boti kwa mwanamke aliyevuka Tanganyika usiku na watoto saba ndani ya chombo kilichozidiwa. Tofauti ilikuwa moja tu: shemeji alisema, na mama mkwe hakusema.

Kuhusu mchango nitakuwa mfupi. Pendekezo la kwanza lilikuwa dola 300 kwa kila kaya, na lilidumu siku mbili, mpaka kaya yenye watoto wanane na mshahara mmoja ilipouliza kwa upole kama na kaya ya vijana wawili wasio na mtoto italipa hivyo hivyo. Tukahamia kwenye kichwa chenye mshahara: watu 22, dola 120 kila mmoja, jumla 2,640. Wanafunzi na wazee hawakuhesabiwa. Mama mkwe alituma dola ishirini kwa mkono wa mjukuu. Mweka hazina akazirudisha. Zikaja tena mara ya pili zimefungwa kwenye kitambaa, na mtu mwenye akili aliyekuwepo akamwambia mweka hazina aziandike daftarini na aache ubishi. Kwa hiyo hesabu yetu ilianza na dola 2,660.

Malazi yalitutia hasara, na sababu yake ni ya kimila zaidi kuliko ya kifedha. Nilikubaliana na hoteli moja itutengee vyumba kumi na viwili kwa usiku mbili, kwa bei ya kundi ya dola 139. Mkataba wa namna hiyo una kifungu ambacho wengi hukipita haraka: kundi linaahidi kujaza sehemu fulani ya vyumba, na lisipofikisha hulipia pengo. Kwetu ilikuwa asilimia 75, yaani usiku 18 kati ya 24, na tarehe ya mwisho ya kupunguza idadi ilikuwa mwezi mmoja kabla. Ninachokilaumu ni haraka yangu. Hoteli haina hatia. Sikuzungumza kwanza na mke wa kaka mkubwa. Kwake yeye, ndugu wa mumewe kulala hotelini ndani ya mji anaokaa ilikuwa ni kuambiwa hadharani kwamba nyumba yake imefungwa. Hakugombana na mtu. Alipiga simu moja moja, usiku, kwa kila wifi yake, akisema magodoro yapo, na mwenye nyumba ameshaambiwa kuna wageni wa siku mbili. Mwisho wa yote vyumba saba ndivyo vilivyotumika, usiku 14; tukalipia usiku nne ambazo hakuna aliyezilala, dola 556, na nyumba yake ya vyumba vitatu ikalaza watu ishirini na tatu kwa furaha kubwa. Kama ningemwuliza mapema angenitajia idadi hiyo kwa kauli moja, nami ningeweka vyumba saba.

Sasa nije kwenye ratiba ya kwanza. Mfano wake niliuchukua kwa mfanyakazi mwenzangu wa Louisville, Mmarekani mweusi, ambaye ukoo wake hukutana kila baada ya miaka miwili. Kwao mikutano hii ina mizizi mirefu: katika karne ya ishirini mamilioni ya Wamarekani weusi waliondoka Kusini kwenda miji ya viwanda ya Kaskazini na Magharibi, St. Louis ikiwemo, na koo zilizotawanyika kwa njia hiyo zikajenga desturi ya kukutana majira ya joto, kila mtu akiwa na fulana yenye jina la ukoo na mwaka. Mpangilio wao unajulikana: Ijumaa kukaribishana, Jumamosi bustanini na nyama ya kuchoma, Jumapili kanisani kisha kuagana. Ni mpangilio uliokomaa, na niliufuata kwa sababu nilidhani hali yetu ni hiyo hiyo. (Fulana, kwa njia, zilizua mgogoro wa wiki nzima, watoto walizitaka, mama zao walitaka sare ya kitenge, na tukaishia kitenge kwa wakubwa na fulana kwa wadogo, jambo ambalo kila upande uliliita ushindi.)

Jumamosi yangu ilikuwa hivi. Kaya zote zifike saa nne asubuhi kwenye tao. Gateway Arch, kazi ya msanifu Eero Saarinen, iliyokamilika Oktoba 1965, ina kimo cha mita 192, na mtu hupanda kileleni kwa vijigari vidogo vya viti vitano vitano vinavyopita ndani ya mguu wa tao kwa dakika kama nne. Kisha makumbusho yaliyo chini yake, ambayo hayana kiingilio. Kisha boti ya mtoni, saa moja. Kisha chakula. Jumapili asubuhi bustani ya wanyama, mchana ibada fupi kanisani, na jioni watu waanze kuondoka. Ili kufika saa nne Jumamosi, mama mkwe angetoka Des Moines kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Rasimu hiyo ilisomwa kwake kwa simu, neno kwa neno, na mwanawe wa pili. Jibu lake lilikuwa: "Mtakavyopanga ni sawa, wanangu. Mungu awabariki." Nililiandika jibu hilo kwenye kumbukumbu za kikao kama ridhaa, nikaweka tarehe.

Msomaji aliyelelewa kwetu ameshajua kwamba ile haikuwa ridhaa. Mzazi anayepelekewa mpango uliokamilika, wenye saa na majina ya mahali, anaoambiwa umegharimu watoto wake fedha, hawezi kuanza kuuchambua bila kuwavunja moyo; heshima yake kwa watoto ni kukubali, na heshima ya watoto ilikuwa kumwendea kabla mpango haujakauka. Hata hivyo nani angemwendea? Wanawe wa kiume walimsomea rasimu kama taarifa. Mimi kama mkwe sikuwa na njia. Kwa malezi niliyopata, mkwe hamhoji mama mkwe kuhusu mwili wake wala hofu zake, na hata simu zetu ni za salamu, habari za watoto, na kuagana. Kwa hiyo mtu aliyeshika kalamu alikuwa ndiye mtu pekee wa kamati asiyeruhusiwa kuuliza. Sikuliona hilo kama kasoro ya muundo. Niliona fahari ya kuaminiwa.

Njia ilikuwepo, ila haikuwa kwenye kamati. Mjukuu anaweza kumtania bibi yake; anamwita mke mwenza, anamwambia amezeeka, anamsugua magoti na kumcheka, na bibi humjibu kwa maneno ambayo hawezi kumpa mwanawe. Binti huyu wa miaka kumi na saba analala chumba kimoja na bibi yake huko Des Moines. Mwishoni mwa Julai alimpigia shangazi yake, mke wangu, kwa jambo jingine kabisa la shule, na katikati ya mazungumzo akasema mambo matatu. La kwanza, bibi hatembei hatua hamsini bila kukaa, na dukani hutumia kiti cha magurudumu, ila mtu kutoka mbali akija hukificha kiti hicho nyuma ya mlango. La pili, tangu aliposomewa habari ya boti hajalala vizuri, na usiku mmoja alimwuliza kama boti za Marekani zina mtu wa kuhesabu watoto. La tatu, bibi anawauliza watu wa nyumbani kama kwenye ratiba kuna mahali pa kumwombea babu, kwa sababu tangu azikwe watoto wake hawajawahi kukaa wote pamoja wakaumaliza msiba.

Mke wangu aliniletea maneno hayo jikoni nikiwa naosha vyombo. Nakumbuka nilijaribu kuitetea ratiba kwa dakika kadhaa, nikisema kanisa lipo Jumapili.

Ukitazama mambo hayo matatu utaona kwamba kila moja lilibomoa sehemu tofauti. La magoti liliondoa tao, kwani vijigari vile havichukui kiti cha magurudumu na huko juu kuna ngazi. Nilikuwa nimempangia mwenye shughuli saa mbili za kungoja chini wakati wengine wako mawinguni. La maji liliondoa boti. Lakini la tatu lilibadilisha jina la shughuli yenyewe. Sisi tulidhani tunaandaa mkutano wa furaha ambao una ibada ndani yake. Yeye alikuwa amesubiri miaka kumi na sita ibada ambayo ingekuwa na furaha baada yake.

Ratiba ya pili ilianza na ibada hiyo, na mara ikagongana na saa. Kama kumaliza msiba kunataka watoto wote saba, basi na yule wa Nyarugusu lazima awepo, hata kama ni kwa simu. Mwezi Agosti Kasulu iko mbele ya St. Louis kwa saa nane. Kanisa la Wakongo ambalo lingetupokea linatumia jengo la kanisa la Wamarekani, ambao asubuhi wana ibada yao, hivyo kwetu lingepatikana kuanzia saa saba mchana. Saa hiyo kambini ni saa tatu usiku, giza limeshika, na dada yetu alitaka kusimama kaburini. Ili awe na mwanga, ibada ingepaswa kuanza si zaidi ya saa tatu asubuhi ya St. Louis, ambayo kwake ni saa kumi na moja jioni. Basi kanisa likatoka, na tukatafuta banda la bustanini.

Wengi walitaja Forest Park, bustani kubwa kuliko zote za jiji, yalikofanyika maonyesho ya dunia ya mwaka 1904. Lakini tarehe 16 Mei 2025 kimbunga kilikuwa kimepita hapo na kuendelea upande wa kaskazini wa jiji, kikaua watu na kuangusha maelfu ya miti, na hatukutaka kuwakalisha wazee katikati ya magogo. Tulikodi banda Tower Grove Park, upande wa kusini, si mbali na nyumba ya kaka mkubwa. Ni bustani ya zamani, zawadi ya Henry Shaw kwa jiji mwaka 1868, yenye mabanda ya mbao yaliyopakwa rangi, na kivuli cha miti mikubwa, ambacho katika joto la unyevu la St. Louis, linalokaribia nyuzi 30 mwisho wa Agosti, ni muhimu kuliko mandhari yoyote. Tuliangalia vitu vitatu tu: gari linafika umbali gani kutoka kwenye viti, choo kiko hatua ngapi, na simu inashika mtandao kiasi gani. Mtoto wa kaka mkubwa alitumwa mara mbili kujaribu, siku mbili tofauti, akiwa kwenye video na shangazi yake wa Nyarugusu.

Safari ya mama mkwe ikahamishiwa Ijumaa, kwa vituo kila baada ya saa moja na nusu, na Jumamosi ikaachwa karibu tupu. Hili lilipingwa. Vijana waliona ni upotevu kusafiri kilomita elfu kuja kukaa uani. Lakini Jumamosi ile "tupu" ilijaa yenyewe: wanawake walitwanga na kupika sombe (kisamvu) ya kutosha sufuria nne, majani yake yakiwa ya kugandishwa kutoka duka la vyakula vya kimataifa, wanaume wakachoma mbuzi, na mama mkwe akakaa chini ya mti akiletewa vitukuu mmoja mmoja. Wengine alikuwa hajawahi kuwashika. Wengi wa vitukuu hao wanasema Kiingereza tu, naye ana Kibembe na Kiswahili, na mipango yangu ya "kipindi cha wakalimani" haikuhitajika, maana wajukuu walikaa katikati wakitafsiri huku wakiongeza chumvi pande zote mbili.

Jumapili saa tatu kasoro robo dada wa Nyarugusu alipiga yeye kabla hatujampigia. Alikuwa tayari kaburini, amefyeka nyasi, amepaka chokaa. Simu iliwekwa juu ya kinara cha meza mbele ya mama mkwe, na spika ndogo ikapitishwa kwa waliokaa nyuma. Mchungaji alisoma, kaka mkubwa akasema maneno ya mtoto wa kwanza, kisha kila mtoto akasimama kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ilipofika zamu ya sita watu wote waligeukia simu. Mtandao ulikatika mara moja, kwa dakika mbili hivi, na hakuna aliyezungumza mpaka uliporudi. Ratiba iliandika dakika arobaini. Ilikwenda saa mbili na nusu, na kule jua lilikuwa limezama wakati dada alipomwagia maji kaburi na kutuonyesha kiza kilichobaki.

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa chepesi. Watoto walipelekwa bustani ya wanyama, ambayo haina kiingilio kwa sababu wakazi wa jiji na wilaya ya jirani huilipia kwa kodi, na kwa kundi lenye watoto ishirini na saba hiyo ni nafuu ambayo miji mingi haiwezi kuitoa. Jumatatu vijana kumi na wanne walipanda tao na wajomba wawili, wakarudi wakilalamika kwamba vijigari vinabana. Boti haikutajwa tena na mtu yeyote, na watoto waliowahi kuahidiwa walinunuliwa aisikrimu ile nzito ya Ted Drewes ambayo muuzaji hukugeuzia kikombe juu chini kukuonyesha haimwagiki. Walisahau mara moja.

Katika hesabu ya mwisho tulibaki na dola 41. Kasoro iliyobaki, mbali na zile fedha za hoteli, ni kwamba kamati mpya iliyochaguliwa Jumatatu ina watu wazima saba, kama ya kwanza. Nilipendekeza yule binti aingie. Kaka mkubwa alisema ni mdogo bado, tutaona.

Jumatatu alasiri, kabla ya safari ya Des Moines, mama mkwe aliomba apelekwe akauone mto, akiwa ndani ya gari. Tuliteremka hadi barabara ya ukingoni, maji yakiwa chini kabisa, na boti moja ya watalii ikawa inageuka mbele yetu ikipiga muziki. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mjukuu wake, naye akaniuliza mimi niliyekuwa nimesimama upande wa nyuma wa gari, kwamba watu wale wanalipa kiasi gani kupanda. Nikataja bei, mjukuu akamfikishia.

"Ghali," akasema. "Sisi tulilipa vitenge viwili na redio ya babu yenu."